Seva Niliyoapa Haizimi

Lusungu, nimefanya ujinga.

Ile seva ya mtandaoni niliyomkodia Mama Edina, wakala wa forodha, imezima tangu asubuhi. Nyaraka zote za malori ziko humo. Madereva wa Zambia wamejaa ofisini kwake wanafoka.

Na mimi ndiye niliyemwambia haizimi. HAIZIMI KAMWE, mama!

Wenye seva wenyewe wameandika kwamba kila mwaka lazima izime saa kadhaa. Nilisoma kabisa. Nikanyamaza ili anipe kazi.

Sasa hivi kanipigia. Nikajua leo natukanwa.

"Mwanangu, nisamehe. Nadhani nimebonyeza vibaya, nimekuharibia mtambo wako."

Nisamehe! Ananiomba MIMI msamaha!

Unajua nilimjibuje?

"Usijali mama, nimeshakusamehe."