Maneno Yenye X

Jumatatu, 14 Septemba 1992

Shule bado imefungwa, walimu tumegoma. Saa tisa nilikwenda mtaa wa Shituru kwa Papa Mbuyi, kama kila Jumatatu. Tunacheza ule mchezo wa kupanga herufi ubaoni, wa Kiingereza, alioniachia sista mmoja alipohama. Kwanza tunajaza daftari: maneno yenye herufi ngumu. J, Q, X, Z. Mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza, lakini ananishinda. Kiingereza chake alikipata kwenye vitabu vya mashine, miaka yote ya ukarani wa bohari kiwandani. Leo alinipa "quartz", lile jiwe linalometa. Q na Z ndani ya neno moja. Na "axle", ekseli. Mimi nilikuwa na "fox" tu, mbweha. Niliona aibu, kisha nikafurahi.

Mkewe, Mama Ntumba, alikuwa anafunga sahani kwenye katoni.

Alhamisi, 17 Septemba

Vijana wamepita Shituru wakiweka alama za chokaa kwenye milango ya watu wa mkoa wa Kasai, ati warudi kwao. Mlango wa Papa Mbuyi umo. Amezaliwa hapa Likasi, kwenye kambi ya wafanyakazi. Baba yake ndiye aliyeletwa kuchimba shaba. Kasai kwenyewe hajawahi kufika. Nilimkuta anafuta kwa kitambaa cha maji. Haikutoka vizuri. Hatukucheza.

Jioni alikuja mdogo wangu Fiston, anayeniita yaya, dada mkubwa. Naye hufanya kazi kiwandani. Yeye, mkewe na watoto wanabanana katika chumba kimoja.

"Yaya, utaniambia siku yenye watatoka?"

Anataka kuingia nyumba ya Papa Mbuyi kabla ya wengine. Nilipaswa kumfukuza. Nilimpa chakula.

Jumapili, 20 Septemba

Papa Mbuyi na mkewe wametolewa asubuhi, wakati wa misa. Mawe juu ya mabati. Nyumba ya jirani yao imechomwa. Wao wazima. Wako stesheni na umati wa wenzao, wanangoja treni ya Kasai.

Fiston yumo ndani ya nyumba yao tangu mchana. Nimejua kwa sababu mkewe alikuja kuazima ufagio. Nilimpa.

Jumatano, 30 Septemba

Treni haiji. Nimepeleka ugali wa bukari, samaki wakavu, na mchezo. Wanalala chini ya turubai kando ya reli. Mama Ntumba anaharisha. Tulicheza juu ya kifuniko cha sanduku. Watu walizunguka kutazama, hata wasiojua Kiingereza. Mzee mmoja aliuliza maana ya kila neno, na Papa Mbuyi akamweleza kwa Kiluba cha Kasai, bila haraka. Kwa saa nzima hakuna aliyetaja treni.

Kisha akauliza nyumba yake ikoje. Nilisema imefungwa.

Nilidanganya.

Jumanne, 13 Oktoba

Turubai la pili kutoka kwao wamezika mtoto leo. Nilidhani hatutacheza. Papa Mbuyi ndiye aliyetaka.

Nilikuwa na E, X, I, T. Nafasi wazi mbele yangu. "Exit", mlango wa kutokea. Nilitazama wale watu walioketi juu ya virago vyao, mkono ukakataa. Nikaweka "tie", tai. Tulipomaliza, aligeuza vipande vyangu vilivyobaki. Karani wa bohari. Huhesabu kila kitu.

"Weye ulikuwa na X. Juu ya nini ukaificha?"

Niliigeuza tena ile X chini. Akaendelea:

"Na mu nyumba yangu, nani iko?"

Nikamwambia. Fiston. Mdogo wangu wa tumbo moja. Tangu siku ile ile.

Akarudisha herufi kwenye mfuko wake wa kitambaa, moja moja, akanikabidhi.

"Basi, Mama Mwalimu. Enda."

Jumatano, 14 Oktoba

Najichukia. Jana Mama Ntumba alinifuata hadi barabarani, akitembea kwa taabu. Vyeti vya kazi vya mumewe vimebaki juu ya dari la chumba cha nyuma, ndani ya kopo la maziwa. Bila vyeti hivyo, huko Kasai hatapata kazi. Mume hataki kuniomba. Yeye ameniomba.

Nimekwenda kwenye nyumba yao asubuhi. Fiston alisimama mlangoni. Anaogopa karatasi zitasema nyumba ni ya nani.

"Yaya, unataka nitoke niende wapi?"

Nilimwambia ukweli. Sina pa kumpeleka. Na sitamsaidia kukaa. Nikampita. Mkewe ndiye aliyenishikia kiti nikapanda.

Papa Mbuyi alipokea kopo kwa mikono miwili. Hakunikaribisha kuketi.

Jumamosi, 24 Oktoba

Treni imekuja. Mabehewa ya mizigo. Wengine wamepanda juu ya mapaa. Nilisukumana hadi nikawaona. Mama Ntumba amekonda sana, alinikumbatia shingoni na sikuhisi uzito. Papa Mbuyi alikuwa ameshapanda, akamvuta ndani. Nilimnyooshea daftari letu la maneno.

"Bakia nayo," alisema. "Utafundisha nayo batoto."

Maneno ya kwanza tangu siku ile. Sijui kama ni msamaha. Treni ilikaa pale saa mbili zaidi, mlango wa behewa umefungwa, nami nikabaki nimesimama nje.

Jumatatu, 9 Novemba

Shule imefunguliwa. Mvua. Nusu ya madawati matupu. Prefe, mkuu wa shule, ameagiza tupige mstari mwekundu kwenye majina ya waliokwenda Kasai. Niliingia darasani na rejista kama ilivyo. Nikasoma majina yote, kwa mpangilio wake. Kila jina lisiloitikiwa nilingoja kidogo, kisha nikaendelea na linalofuata. Ilichukua muda mrefu. Nilipomaliza niliandika tarehe ubaoni, tukaanza somo.