Dada Kalunde, Ilikuwa Ile Kamba

Dada Kalunde,

Ni mimi Nyamizi, mke mwenzako. Ungekuwa hai ungeigeuza karatasi hii mara mbili kabla ya kuamini, maana ulipoondoka kwetu nilikuwa sijui kuandika hata jina langu. Wewe ndiye uliyekuwa unajifunza kusoma, na mimi nilikucheka mbele ya watu, nikakuuliza karatasi inapikwa na mboga gani. Leo nimekaa mlangoni na kipande cha penseli, mistari yangu inapanda na kushuka, na nimefuta kwa mate mpaka karatasi imetoboka. Vumilia. Mama Agata, mke wa katekista, yule aliyekuwa akikufundisha wewe, amenifundisha na mimi. Amesema barua ya kwanza nimwandikie mtu ninayemkumbuka sana. Sikuchukua muda kuchagua.

Nimebatizwa, dada. Jumapili iliyopita. Naitwa Marta. Wanasema Marta wa zamani alikuwa mtu wa jikoni mwenye kulalamika, na watu wote wa hapa Inyonga wamekubaliana kwamba jina limenikaa. Nilikasirika kidogo, kisha nikacheka. Siku hizi nacheka upesi.

Lakini sikubatizwa siku niliyopangiwa, na hapo ndipo habari ilipo.

Unaikumbuka kamba ya mume wetu, ile ya magome aliyojifungia kiunoni akipanda miti kurina asali? Kuitunza ilikuwa kazi yangu, kwa sababu jiko lilikuwa langu na kamba ilikaa darini, juu ya moshi, isiliwe na wadudu. Mwaka ule, mwaka mmoja baada ya gari moshi kuanza kufika Mpanda, nilikuwa naloweka muhogo mtoni. Nikataka kitu cha kuufunga usichukuliwe na maji. Kubandua gome jipya mtini si kazi kubwa. Nikaona uvivu. Nikashusha kamba ya mume wetu, nikafungia muhogo, ikakaa majini siku nne. Nilipoirudisha darini ilikuwa inanuka muhogo, na panya wakaipenda. Nilipokuja kuona nyuzi zimetafunwa, niliikunja vizuri, ile sehemu mbovu nikaificha katikati. Nilijiambia nitamwambia jioni. Jioni wenzake wakampitia mapema, akaichukua mwenyewe, wakaenda porini.

Hayo hukuyajua. Ulikufa bila kuyajua.

Yaliyofuata unayajua, lakini nayaandika ili nisiruke kitu. Mume wetu alianguka kutoka kwenye mti wa mzinga, mguu ukavunjika mahali pawili, wenzake wakambeba siku mbili. Na mila yetu unaijua: wanaume wakiwa porini kwenye asali, wake zao hawatoki kijijini, hawagombani, hawaingii nyumba ya mtu. Mwanamume akianguka, hakuna anayekwenda kuutazama mti wala kamba. Wanatazamwa wake zake. Mzee Lupia, mkubwa wa kambi ya warina asali, alikuja uani kwetu na wenzake, watu wamejaa, akasema, "Nyie wawili, mwenzetu yuko chini. Nani alitoka?"

Mimi nikasema, "Mimi sikutoka nyumbani."

Basi. Maneno matatu. Macho yote yakahamia kwako. Ukasema ukweli wako, kwamba ulikwenda kusoma kwa Mama Agata, jua likiwa bado juu. Wakacheka, wakasema huko ulifuata mwanamume. Mama Agata akaja mwenyewe kukushuhudia, wakamwambia watu wa kanisa hufichana. Ukanitazama mimi. Ulikuwa na haki ya kunitazama, kwa sababu kila ulipokwenda uliniaga, ukaniachia maharage yako niyaangalie yasiungue. Nikainamia chungu. Hata sijui nilikuwa nakoroga nini.

Mume wetu akakufukuza, ukaondoka na mkeka na chungu kimoja. Wande wako, kama miaka minane hivi, baba yake alikataa usimchukue. Alikukimbilia mpaka kwenye kichuguu, na mimi ndiye niliyemvuta mkono kumrudisha. Nimelia kuandika hilo. Ngoja kidogo.

Nimerudi. Nitasema wazi, maana nimechoka kujipamba: wiki ya kwanza nilifurahi. Nyumba nzima ilikuwa yangu. Kisha nikaanza kukuona kila mahali. Nikipata funza mguuni, nakukumbuka ulivyokuwa unanitoa kwa mwiba huku ukiniigizia Mzee Lupia anavyokimbia nyuki, mpaka nacheka na mguu unauma. Nikisonga ugali ukawa na madonge, nakukumbuka ulivyokuwa unayala madonge yangu wewe, ili mume wetu asiyaone. Nilikuja kwako bibi harusi nisiyejua kitu, na hukunifanyia ubaya hata siku moja. Hilo ndilo lilinikera zaidi. Ningepata kisa kimoja tu cha kukuchukia ningepumua.

Habari ya kufa kwako ililetwa na dereva wa lori linalonunua nta. Homa, alisema, Kabungu, kwa mama yako, umeshazikwa. Nililia kwa sauti mpaka majirani wakanisifu, wakasema mke mwenza gani analia hivi. Sifa zile zilinishinda kumeza. Nikaanza kwenda kwa Mama Agata. Nilijidanganya kwamba nataka kusoma tu.

Mama Agata alinipokea. Tukajifunza herufi, tukajifunza sala, tukafika kwenye amri za Mungu. Zile nyingine zilinitoa jasho, lakini ile ya kutosema uongo juu ya mwenzako niliisikiliza nimekaa sawasawa. Hii sijaivunja, nikasema moyoni. Sikusema uongo. Nilisema sikutoka nyumbani, na kweli sikutoka. Unaona nilivyokuwa fundi? Hata Mungu nilitaka kumpatia maneno yaliyokunjwa vizuri.

Ndipo ikafika siku ya padri kupita kutuandika tutakaobatizwa. Alikuwa mgeni, hajui habari zetu. Akaniuliza jina, akaniuliza mume, akaniuliza mume ana wake wangapi. Nikasema mmoja, mimi. Akatabasamu, akasema, "Heri yako, mama. Wenye wake wenza wanasumbuka sana hapo." Akaandika. Nikamtazama Mama Agata. Alikuwa ametazama chini.

Dada, mkono wa padri ulikuwa unaandika, na mimi nikaona jinsi nilivyopata kuwa mke pekee. Nilikuwa naingia kanisani kupitia mlango niliokutolea wewe. Wewe uliyetaka ubatizo kabla yangu. Nikasema, "Baba, futa. Siyo kweli yote." Alikuwa na safari, pikipiki yake inamngoja. Hakuelewa, lakini hakunigombeza. Alisema atarudi.

Nikamweleza Mama Agata kila kitu, kamba, muhogo, panya. Nilidhani atanikumbatia. Akasema, "Usiniambie mimi. Kawaambie walewale waliokusikia."

Niliwaita. Uani palepale. Mume wetu kwenye kiti chake na mguu wake uliopinda, Mzee Lupia na wenzake, Wande amesimama na ndoo ya maji. Nikasema Kalunde hakuvunja mwiko wowote uliomwangusha mtu. Nikasema ilikuwa kamba, na kamba niliiharibu mimi.

Unajua hawakuniamini? Hujawahi kuona mtu akigombania kuhukumiwa kama nilivyogombania. Mzee Lupia alinitazama kwa huruma, akasema, "Wewe mama, kanisa limekuchanganya. Kamba haikatiki bila sababu." Nikamwambia sababu ni panya. "Na huyo panya nani alimtuma?" Hasira zangu unazijua. Nikamwambia nilimtuma mimi, kwa uvivu wangu, na kama anataka nimletee panya shahidi aseme! Watu wakaanza kucheka. Nikaona jambo linaniponyoka, watakwenda zao wakisema Nyamizi amepagawa, na wewe utabaki vilevile ulivyo midomoni mwao.

Mume wetu akasema, polepole, "Ile kamba ilikuwa inanuka muhogo."

Kicheko kikakatika. Akasema alipokuwa juu ya mti, kamba iko hapa kiunoni, alisikia harufu ya muhogo wa kulowekwa, akadhani ni njaa yake. Akasema miaka yote hii mguu ukimwuma harufu ile inamrudia, na hakuwahi kuniuliza. Aliogopa jibu. Kama ilikuwa kamba, basi alimfukuza mke wake bure. Dada, mwanamume yule analia vibaya, kwa kikohozi. Mzee Lupia alikaa, akavua kofia, akapangusa kichwa. Mwishowe akasema kuanzia sasa mtu akianguka wataangalia kamba kwanza, wanawake baadaye. Nikaona ni mwanzo, sikumkorofisha zaidi.

Mkeka wangu ulikuwa tayari umekunjwa nyuma ya mlango. Nilijua nitafukuzwa, na nilikuwa nimekubali. Hakunifukuza. Siku tatu hakunisemesha, ya nne akasema, "Tutakwenda Kabungu." Na mimi, amini usiamini, siku tatu zile za kununiwa nililala mapema kuliko kuku na kuamka nimeshiba usingizi. Miaka sita nilikuwa sijalala hivyo. Sikujua jinsi mzigo ule ulivyokuwa mzito mpaka nilipoutua. Nilikuwa natembea kwenda mtoni nashangaa mabega yangu.

Wande hakunitukana. Aliweka ndoo chini, akakusanya nguo zake, akahamia kwa Mama Agata. Hapo ndipo nilipoumia. Miaka yote alikuwa hataki jina lako litajwe. Akisikia wasichana wenzake wakisema "mama yangu" alikuwa anaondoka. Aliamini ulimwacha kwa ajili ya mwanamume. Nani alimfundisha kuamini hivyo? Sikumfundisha kwa mdomo. Nilinyamaza tu, ikatosha.

Alirudi siku tuliyopanda lori la nta kwenda Mpanda. Akakaa kwenye magunia mbali na mimi. Tulipopita vijiji viwili, akauliza bila kunitazama, "Alikuwa anapenda kula nini?" Nikamwambia, maharage yaliyoungua kidogo chini. Akauliza ulikuwa unaimba. Nikamwambia unaimba vibaya sana. Akacheka, akakasirika kwamba amecheka. Basi njia nzima akawa anauliza na mimi najibu, vumbi mdomoni, baba yake amegeukia upande wa pili asionekane macho. Nilimwambia mpaka habari za madonge.

Kabungu tulifika kwa miguu kutoka Mpanda, tukamkuta mama yako anaanika ulezi. Amezeeka lakini macho makali. Nilipiga magoti pale pale kwenye ulezi, nikasema. Aliniacha nimalize. Akasema, "Mimi nilijua binti yangu. Majirani ndio hawakujua." Akainuka na fimbo yake, akawaita mmoja mmoja, wakaja na watoto wao migongoni. "Haya, rudia. Kwa sauti." Nikarudia, dada. Mara ya nne. Kila neno lililotoka niliona uso wa mtu fulani unabadilika, mtu ambaye bila shaka alikupa mgongo kisimani. Nilipomaliza mama yako aliniletea maji ya kunywa, akanishikia kata mwenyewe. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kunywa yote."

Mume wetu alikwenda kaburini kwako peke yake akichechemea. Sisi tulisimama mbali. Aliyokuambia unayajua wewe. Amerudi nyumbani, amesuka kamba mpya, na anaitunza yeye. Haniamini tena na kamba. Padri naye aliporudi nilimweleza yote, akauliza mambo mengi, akaandika upya, na maji ya Jumapili yalikuwa baridi na mengi kuliko nilivyotegemea. Nilitoka nimelowa mpaka mgongoni, najisikia mwepesi, nataka kukukimbilia kukuambia. Ndiyo maana naandika.

Lipo moja bado. Wande hakurudi na sisi. Asubuhi ya kuondoka Kabungu alisema atabaki kwa bibi yake, karibu na ulipolala wewe. Baba yake akakubali, na mimi nani nikatae. Mtoto yule nilimlea, nikamsuka, nikamwuguza surua, na tangu ulipoondoka alikuwa ananiita Mama. Alitusindikiza mpaka njia panda. Akanishika mkono, akasema, "Safari njema, Mama Mdogo."

Nilitembea mbele upesi ili asinione. Iliuma, sikufichi. Lakini nilipofika mbali kidogo nilisimama nikamshukuru Mungu kwa sauti, mume wetu akafikiri nimekanyaga mwiba. Mtoto amepata mama yake.

Lala kwa amani, Kalunde. Barua hii nitamtumia Wande kwa dereva wa lori, akusomee pale kaburini, anajua kusoma kuliko mimi. Nami nakuahidi hili: siku atakapoolewa nitakuja Kabungu, nitapika, nitaosha vyombo, nitaimba. Wakiuliza mama wa bibi harusi ni nani akae mbele, nitasimama niseme jina lako, kisha nitarudi jikoni.

Mimi mke mwenzako,
Marta Nyamizi