Kizibo Kilichopaa

Kituo cha Hali ya Hewa,
Chumba cha Kurushia Maputo.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kaka Ngongoti,

Shikamoo. Kifua kimepona, au bado unakohoa kama trekta? Sisi wazima, ila uzima wenyewe wa kujikongoja. Mama anakula kwa kulazimishwa.

Najua imekuuma kukosa mazishi. Baba alizikwa vizuri, watu walijaa, na mvua ilitustahi mpaka tukamaliza.

Lakini kuna jambo limenikaa kooni.

Unakumbuka Baba alivyorusha puto kila Jumatano, limebeba kile kisanduku cha kupima ozoni, ile hewa ya juu inayotukinga na jua kali na iliyokuwa ikipungua. Alipostaafu nikarithi kazi, pamoja na wimbo wake: "Kizibo mfukoni, ndipo puto angani." Bomba la kuvutia hewa huzibwa lisiingie vumbi. Usipokitoa kizibo, kisanduku hakipimi kitu.

Jumatano ile nesi alinipigia nikiwa nimeshika kamba: Baba amezidiwa, njoo. Nikaliachia puto. Nilipotia mkono mfukoni kutafuta funguo, kizibo hakikuwemo. Haraka haraka haina baraka, kaka, na puto lilishapita mawingu.

Alasiri Baba alifumbua macho, akauliza kama alivyoniuliza kwenye simu kila Jumatano, "Leo limefika wapi?"

"Kilomita thelathini na tatu, Baba." Hilo lilikuwa kweli, mwenzangu wa zamu alishanitumia ujumbe.

"Na ozoni?"

Nikamtajia kipimo cha wiki iliyotangulia, tena nikaongeza kidogo.

"Basi inapona," akasema. Hayo ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho.

Mama anamsimulia kila anayekuja kutoa pole kwamba mzee ameondoka ameridhika. Akianza tu, mimi huinuka nikaoshe vikombe.

Daftarini sikudanganya. Nimeandika "hakuna kipimo". Miaka ishirini na sita haikukosekana Jumatano hata moja, na pengo la kwanza ni langu, wiki aliyokufa. Naona aibu, kaka. Nimwambie Mama, au ninyamaze? Wewe ndiye mkubwa, nijibu.

Msalimie wifi na wale mapacha watundu. Shangazi mshonaji anakusalimu. Suruali yako bado anayo. Mungu akufunike huko ugenini.

Jumatano hii narusha jingine. Kizibo nitakitoa mapema. Ila likishapasuka huko juu, sijui nitampigia nani kumwambia limefika wapi.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda Mimba.