Malkia Mmoja, Viti Vitatu

Kwa Baba yangu, Mzee Hamisi, Likoni.

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nililelewa, si kwa sababu moyo umetulia. Mimi ni mzima. Hali yako siiulizi, maana kila nilipoiuliza barua ilirudi haijafunguliwa. Huku Cardiff baridi ni kali, na kazi ya kupakua shehena ni ile ile uliyoiita kazi ya mbwa nilipoondoka bila radhi yako.

Lakini leo nakuandikia habari za sataranji.

Mimi na mdogo wangu Bakari tunacheza kwa posta. Yeye nyeupe, mimi nyeusi, kila mmoja akiandika hatua yake kwenye kadi. Namjibu kwa Kisisilia, ufunguzi wa mchezo uliotufundisha wewe ulipokuwa mtumishi katika klabu ya maafisa wa meli. Na Bakari namjua. Malkia wake humweka mbele ya mfalme tangu mwanzo, kwa woga, akamzibia askofu wake mwenyewe njia. Ulimpiga vidole kwa kosa hilo mpaka ukachoka wewe.

Sasa sikiliza. Mchezo wa kwanza nilicheza ile namna ya Joka, askofu wangu kajibanza pembeni anamlinda mfalme. Malkia mweupe akasimama nyuma ya askofu wake, wakanijia wawili wawili mpaka mlangoni, wakamng'oa mlinzi wangu. Mchezo wa pili nikabadilisha, nikaanza kusogeza askari wa ukingoni. Malkia hakurudia kiti kile. Askofu wake alikwenda mbali kumbana farasi wangu, naye malkia akatokea upande wa mfalme, mbele ya askari wake, akikodolea macho katikati ya ubao. Mchezo wa tatu akakaa mbele ya mfalme. Nikacheka peke yangu, huyu sasa ndiye Bakari! Nikatazama tena. Askofu alikuwa ameshatoka zamani, njia haikuzibwa.

Kicheko kikanikauka. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akitufokea, "Malkia hana kiti cha kurithi, mjinga we! Tazama kwanza adui kakaaje, na askofu wako yuko wapi."

Ni wewe, Baba. Umenisusa miaka yote hii. Mama alipofariki hukuniletea hata neno. Nilipewa habari na baharia wa Mtongwe, mbele za watu, kikombe cha chai mkononi. Kumbe kunipiga kwenye ubao unaweza! Bakari anarudi hoi kutoka matangi ya mafuta Changamwe, nawe unamkalisha awe karani wako. Wallahi nina hasira nawe ambazo sijapata kuwa nazo na mtu. Tena nasikia barazani unabishana na kila apitaye kuhusu Mwambao, pwani yetu ibaki kwa Sultani au iende na Kenya. Wote hao una maneno nao. Mimi tu ndiye unayekosa neno la kuniambia.

Nimepata kazi katika meli itakayopita Kilindini baada ya mfungo. Hatua yangu ya kukujibu ninayo, na malkia wako hapo alipo hatakaa raha. Siiandiki. Kadi ijayo nataka neno moja kwa mwandiko wako, si wa Bakari: marahaba. Nisipoliona, mchezo umekwisha, na meli ikitia nanga sitashuka. Nitaitazama Likoni kutoka ng'ambo, kisha niende zangu.

Nisalimie shangazi Mwanamisi, aliyemwosha mama na kumlilia kwa niaba yangu. Bakari mwambie simlaumu, ila asikuandikie tena. Jirani yetu mwadhini mwambie sauti yake naikumbuka.

Ni mimi mwanao, Juma, niliyekuamkia hapo juu na bado nangoja.