Uzi wa Buluu

Mwanangu Nieves,

Shali uliyotutumia imefika, dada yako keshainyakua. Huku milimani baridi ya mwaka huu imetuonea. Alpaka wetu wa sufu walizaa watoto tisa, akapona mmoja tu. Baba yako, hoi kitandani, akasema, "Huyo ni wa Nieves. Mfungie sikioni uzi wa buluu, alama ya binti yetu. Mwenye mnyama hasahau kwao." Nikamfunga.

Siku ya Jumanne huyo naye akafa. Sijamwambia baba yako. Kila asubuhi ananiuliza, "Mama Nieves, wa binti yangu kanyonya?"

"Kanyonya mpaka kacheua, mume wangu."

Anacheka kidogo, anakohoa, analala.

Leo kaomba nimlete mnyama wako mlangoni amwone. Nimemwambia asubiri jua litoke. Uzi wako nimeutia humu kwenye bahasha.

Mama yako,
Eulalia