Jalada la Kurasa Mia Tatu na Kumi na Mbili

3 Desemba

Mwanangu Chiriku,

Hujambo huko? Mimi sijambo, nyumba haijambo, na paka wa jirani naye hajambo, bado anakojolea kadibodi zangu. Najua barua yako ijayo itaanza na shikamoo, kwa hiyo marahaba naitanguliza kabisa.

Nakukumbusha bahasha, ingawa najua hujasahau. Tangu uondoke nyumbani hatujaruka hata mwaka mmoja. Wewe unaandika malengo yako, mimi naandika yangu, kila mtu anafunga bahasha yake kwa gundi ya karakana, tunabadilishana, na hakuna kuchungulia mpaka siku ya mwisho ya mwaka unaofuata. Hii yako niliyonayo nitaifungua mwisho wa mwezi, lakini unadhani sijui kilichomo? Mara kumi nimefungua, na mara kumi nimekuta mstari uleule: "Kumaliza riwaya." Mara kumi nimeandika chini yake "Bado" nikakurudishia. Mimi yangu unayajua. Kupunguza chumvi, kuziba paa la karakana, kuacha kugombana na fundi cherehani wa mlango wa pili. Yote uliandika "Limetimia", hata hilo la fundi cherehani, ingawa ukweli ni kwamba alihama.

Sasa jambo lenyewe. Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka. Daktari anasema ni mishipa, na kwamba safari yake ni ya kwenda tu, hairudi. Inaweza kuchukua mwaka, inaweza kuchukua nusu yake. Nimejalidi vitabu vya watu kwa miaka arobaini na miwili, mwanangu. Vya mahakimu, vya shule, vya watu waliotunga mashairi mabaya mno nikayavika ngozi nzuri. Cha damu yangu sijajalidi hata kimoja.

Niambie kina kurasa ngapi. Mgongo wa jalada haukatwi kwa kukisia.

Baba yako

12 Desemba

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila habari ya mkono wako imeniondoa raha. Unakunywa dawa kama ulivyoelekezwa, au unakunywa siku unayojisikia? Nakujua wewe.

Kazini kwetu ni yaleyale. Bado naandika vile vijikaratasi vinavyowekwa ndani ya maboksi ya vyombo vya umeme. Wiki hii ni pasi. "Usiguse bamba la chini likiwa la moto." Nimeibadilisha sentensi hiyo mara nne, na msimamizi ameirudisha mara nne. Juzi alitugawia karatasi za rangi, kila mtu aandike lengo la mwaka mpya alibandike ukutani. Niliandika "Maelezo yaeleweke na kila mtu", wakanipigia makofi. Sikutoka jasho hata kidogo.

Ya bahasha yetu ndiyo inayonitoa jasho. Nikikaa mezani na karatasi ile ndogo, nainuka kuosha vyombo visivyo vichafu. Wenzangu wanauona mwaka mpya kama mgeni wa heri. Mimi naona mwalimu anaingia darasani kukusanya madaftari, na zoezi sijafanya, na la mwaka juzi sijafanya, na bado natakiwa niseme kwa sauti kubwa kwamba safari hii nitafanya. Wewe hujawahi kuliogopa lengo? Au mtu anayeshona kwa uzi na sindano haogopi, kwa sababu jioni anaona alichoshona?

Kitabu kina kurasa mia tatu na kumi na mbili. Kimebaki kusafishwa tu.

Mwanao

21 Desemba

Chiriku wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba! Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikarudi ndani kukaa, nikaisoma tena. Mia tatu na kumi na mbili! Nawe umejinyamazia kama mtu aliyeficha mimba.

Uliniuliza kama naogopa. Naogopa. Naogopa karatasi ya gharama kila nikiikata. Lakini nikishakata, hofu inakosa kazi.

Jalada liko tayari. Nimetumia kile kitambaa cha kijani nilichokuwa nikikificha kabatini tangu marehemu mama yako yu hai. Alikitaka kwa mto wa kochi nikamnyima, nikamwambia kina mwenyewe. Mgongo nimeukata unene wa vidole viwili, kwa kurasa zako hizo hasa, si zaidi si pungufu. Mahali pa jina la kitabu nimepaacha wazi.

Mkuu wa maktaba ya shule alikuja na kamusi arobaini zilizochanika. Nimemwambia atafute fundi mwingine. Alishangaa, maana miaka yote nimewashonea. Lakini mkono huu una kushona kuchache kulikobaki, na nguvu hiyo nimeiweka kando kwa ajili yako. Asubuhi nautia maji ya uvuguvugu, siku nzima siubebeshi hata ndoo. Majirani wanasema natembea kama bwana harusi.

Bahasha yangu hii hapa. Yako je?

Baba yako

30 Desemba

Shikamoo Baba,

Natumai u mzima. Nimefurahi kusikia habari ya jalada. Sikutegemea ungelimaliza mapema hivyo.

Bahasha nimeiweka humu. Nilianza mara tisa. Ya tisa ndiyo hiyo, nimeifunga kwa gundi kama ulivyonifundisha, nikaikandamiza chini ya kamusi usiku kucha. Tafadhali usiishike kwenye mwanga.

Mswada nitautuma Januari. Heri ya mwaka mpya.

Mwanao

14 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Uko salama? Januari imepita, na posta imeniletea barua za watu wengine tu, ambazo nimewapelekea mwenyewe ili nipate cha kufanya.

Sikulaumu. Najua kusafisha kunachukua muda. Lakini acha nikueleze ukweli wa hapa. Kila asubuhi nashona magazeti ya zamani, kurasa nane, kurasa kumi na sita, ili mkono usisahau njia. Mwezi uliopita nilikuwa nashona matano kabla haujaanza kucheza. Sasa mawili. Alhamisi sindano iliingia kwenye dole gumba na sikuisikia mpaka nilipoona gazeti limelowa damu.

Utume hivyohivyo ulivyo. Kama kuna makosa, yawepo. Mimi nashona tu, sihukumu. Nilishawahi kujalidi hukumu ya mahakama iliyokosewa jina la mshitakiwa, na mgongo wake ulikaa vizuri kabisa.

Najua nimekuuliza habari za kitabu hiki kila barua kwa miaka kumi na moja. Nivumilie. Hii ndiyo mara ya mwisho, na si kwa kupenda.

Baba yako

9 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui kama utaiitikia hii ukishamaliza kusoma.

Njia ya mwongo ni fupi, wewe ndiye uliyenifundisha. Yangu imefika mwisho. Hakuna kitabu. Kuna kurasa kumi na nne. Nimeziweka humu zote, zihesabu.

Wala si kwamba niliandika nyingi nikazichana. Mambo yalikuwa hivi. Kila mwisho wa mwaka nilikuwa nikiandika "Kumaliza riwaya", nafunga bahasha, nakutumia, na mwili wangu wote unapumzika kama mtu aliyemaliza kweli. Wiki ya kwanza ya Januari naanza upya ukurasa wa kwanza, kwa sababu wa mwaka jana naona haya kuusoma. Ukurasa wa tano naanza kuhesabu miezi iliyobaki. Ikifika Machi najiambia mwaka huu umeshaharibika, ngoja mwingine, nitaweka lengo safi. Baba, nimekuwa nikiuogopa mwaka mpya na papo hapo nikiungoja uje uniokoe. Nimefika umri huu nikifanya hivyo.

Ile mia tatu na kumi na mbili niliitoa kwenye boksi la pasi. Lilikuwa mbele yangu mezani wakati nakuandikia. Ndiyo namba ya aina ya pasi yenyewe. Uliomba idadi, nami sikuweza kuandika kumi na nne kwa mtu ambaye mkono wake unamtoroka.

Sina cha kujitetea. Chukua kazi ya zile kamusi, kama bado hawajapata fundi. Nijibu hata kama ni matusi.

Mwanao

22 Aprili

Baba,

Shikamoo. Je, barua yangu ya Machi ilikufikia? Hali yako? Unakula?

Nilipiga simu duka la dawa. Dada wa pale akasema anakuona ukipita, na kwamba unamsalimia vizuri tu. Basi nimeshukuru.

Mwanao

18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Ilifika.

Naandika kwa penseli na mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinalala. Barua hii imenichukua siku tatu, kwa hiyo usitafute ndani yake maneno ya kupamba.

Nilikasirika. Nisikufiche. Mwanzoni nilikasirika kwa sababu ya uongo, na hasira hiyo ilipita, maana hata mimi nimewaambia wateja "kesho" maisha yangu yote. Hasira ya pili ndiyo haijapita. Ile nguvu ya mkono, mwanangu. Niliyoitunza. Kamusi arobaini ningezimaliza Januari hiyohiyo, na watoto wangekuwa wanazifungua sasa hivi. Niliiweka kwa ajili yako, nikaiogesha maji ya uvuguvugu kama mtoto mchanga, na imeisha bila kushona hata kitu kimoja zaidi ya magazeti. Tarehe mbili Mei niliamka, sindano nikaweza kuishika, ila sikuweza kuipeleka ninapotaka. Ndiyo basi.

Kurasa zako nimezisoma. Kuhusu uzuri wake niulize mtu mwingine, mimi ni baba. Nilizipenda. Niliziweka ndani ya jalada zikapwaya, zikaanguka sakafuni. Nilifikiria kuupunguza mgongo, lakini kurasa kumi na nne hazina mgongo, ni za kubanwa pini pembeni. Nimekuwa fundi miaka mingi mno kuweza kujidanganya katika hilo.

Karakana nimeifunga. Mashine ya kubania ameichukua kijana wa uchapaji wa barabara ya pili. Jalada nakutumia, hapa linanitazama.

Bahasha yako bado iko kwenye droo. Sijaifungua. Siku yake ikifika nitaifungua, utaratibu ni utaratibu. Na yangu ifungue siku yake.

Baba yako

31 Desemba

Baba,

Shikamoo. Natumai mvua hizi hazikusumbui magoti. Nasikitika kwamba tangu Juni nimekuandikia mara mbili tu, zote za salamu, kama mtu anayeandikia ofisi. Kila nikianza barua ya kweli naona ile sindano.

Nimetoka kuifungua bahasha yako. Nimekaa jikoni, jalada la kijani liko mezani, nimelifuta vumbi. Nilidhani nitakuta chumvi au paa. Umeandika mstari mmoja, kwa mkono wa kulia, na herufi zimesimama wima:

"Kujalidi kitabu cha binti yangu."

Miaka yote kwenye bahasha zako nimeandika "Limetimia". Nilikuwa naringa nalo, nikiwaambia wenzangu kazini kwamba baba yangu hajawahi kukosa lengo. Leo nimeshika kalamu nikataka kuandika "Bado", kama ulivyokuwa ukiniandikia mimi kwa huruma. Halikuandikika. "Bado" ni la mtu ambaye mkono wake upo. Nimeandika "Halikutimia", na karatasi yako nimeiweka humu kama ilivyo desturi.

Ni la kwanza kukushinda, na si wewe uliyeshindwa.

Utakapofungua yangu, utaona nilichokifanya. Nisamehe. Nilikuwa nimechoka kuahidi.

Mwanao

31 Desemba

Mwanangu Chiriku,

Hujambo? Mimi nipo. Barua hii fupi, vidole vya kushoto navyo vimeanza kuchoka.

Leo asubuhi nimefungua bahasha yako. Gundi uliipaka vizuri, ilibidi nichane kwa meno. Nimeitoa karatasi, nikaitazama upande wa kwanza, nikaigeuza. Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga, maana macho nayo siyaamini siku hizi. Nikamwita dada wa duka la dawa aniangalizie. Akasema, "Mzee, hii haina kitu."

Nimekaa nayo mpaka adhuhuri. Utaratibu unataka niandike neno chini yake, na sijawahi kukurudishia karatasi bila neno. Mara kumi na moja nimekuandikia "Bado".

Safari hii nimeandika "Limetimia". Ndilo la kwanza, nami ni fundi, siandiki ambacho si kweli. Hukuahidi kitu, na kitu hakikufanyika.

Mwaka huu sikutumii bahasha. Nilikwenda karakana kutafuta gundi, nikakuta imekauka ndani ya kopo, na brashi imesimama katikati, haitoki.

Kula vizuri.

Baba yako