Kuuza Sabuni Maneromango

Mama Zuhura wangu,

Nakusalimu kwa mikono inayonuka sabuni. Si bosi alitufundisha uuzaji wa kisasa: usiisifu bidhaa, ionyeshe! Basi jana hapa sokoni Maneromango nikaazima kanzu chafu, nikaifua mbele ya watu mpaka ikang'aa. Wakanipigia makofi.

Leo nimekuta foleni ya wanawake na mabeseni ya nguo.

"Shikamoo, bibi. Nikupe miche mingapi?"

"Marahaba, mwanangu. Sabuni ya nini, na wewe upo? Anza na mashuka."

Nimefua mpaka mgongo umegoma, na sijauza hata mche mmoja!

Nawakumbuka mno wewe na watoto. Ila hili la kufua, tafadhali, lisahau kabla sijarudi nyumbani.

Mumeo, Baba Zuhura